Nguruzi na Ufunguo: Nasaha juu ya Boti ya Kuvulia Besi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa jamaa, Houston, Texas)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lililotuchukulia muda mrefu katika vikao vyetu vya mwaka huu. Vijana wetu wametaka sehemu ya akiba ya jamaa inunuliwe boti, ili siku za mapumziko tupate kwenda pamoja katika Ziwa Conroe na Ziwa Sam Rayburn kuvua samaki aitwaye besi. Wazee wengine wamelikataa ombi hilo kwa hofu, na vijana wengine wamelitetea kwa pupa. Mimi nimepewa nafasi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimemiliki boti katika nchi hii kwa miaka mingi. Ya pili, ambayo wengi wenu hamuijui, ni kwamba siku moja nilikaribia kumzamisha mtoto wa ndugu yangu. Kisa hicho nitakieleza mahali pake.

Nianze na samaki mwenyewe, maana chombo huchaguliwa kwa kazi yake. Besi mdomo-mkubwa ni samaki wa maji baridi, na asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Waliokulia Kenya huenda walimsikia kule Naivasha, ambako aliletwa kutoka ng'ambo katika miaka ya 1920. Si samaki wa kukimbia katika maji mapana kama jodari. Yeye hupenda maficho: magugu, visiki, miti iliyozama, na vivuli vya magati. Majira ya kuchipua, maji yanapofikia joto la digrii 16 hadi 18 za Selsiasi, dume huja kwenye maji machache karibu na ukingo, akafagia kiota na kukilinda. Mwenye kumtaka hana budi kumfuata huko huko kwenye visiki, tena kwa kimya.

Kwa hiyo boti ya besi ina umbo lake. Tumbo lake halizami sana majini. Sehemu ya omo ina jukwaa pana la kusimama na kutupa mshipi. Tezini kuna injini kubwa ya kufikishia mahali, na omo kuna mota ndogo ya umeme ya kusogelea polepole. Mkitaka kuifahamu mota hiyo, kumbukeni upondo: babu zetu walipoingia kwenye vijito vya mikoko walikunja tanga wakashika upondo. Kazi ni ile ile, ila sasa inafanywa na betri.

Sasa, ichaguliwe boti ipi? Masokoni kuna aina mbili kubwa. Iko ya faiba, ndefu kiasi cha futi 18 hadi 21, yenye kung'aa, ambayo aghalabu hufungwa injini ya nguvu za farasi 150 hadi 250. Hiyo hukata mawimbi vizuri, na katika ziwa kubwa kama Sam Rayburn, lenye eneo la zaidi ya eka 110,000, upepo ukivuma mtu huishukuru. Lakini ni nzito, yataka gari lenye nguvu la kuikokota, na hunywa petroli nyingi. Ya pili ni ya alumini, ambayo mara nyingi ni ya futi 16 hadi 18, na injini yake ni ndogo. Hiyo ni nyepesi, hukokotwa na gari la kadiri, na ikigonga kisiki mara nyingi hubonyea isipasuke. Aibu yake ni kwamba upepo huisukuma ovyo, na ile iliyoungwa kwa ribiti huweza kuvuja ribiti zikilegea. Iliyochomelewa ni madhubuti zaidi.

Najua macho ya vijana yako kwenye ile ya kung'aa. Nami siwalaumu, kwani nilikuwa kijana. Lakini nasaha yangu ni hii: nunueni boti mnayoweza kuitunza, na wala si boti mnayoweza kuilipia tu. Fedha ya kununua hutoka mara moja. Utunzaji hudai kila wiki, na asiyeweza kulipa deni hilo atalilipa siku moja katikati ya ziwa.

Boti tutakayopata bila shaka itakuwa imetumika. Basi ikagueni hivi. Shikeni sehemu ya chini ya injini, muinyanyue na kuitikisa, huku mwenzenu akitazama ubao wa tezi inapofungwa injini. Ukinepa au ukionyesha ufa, ondokeni. Boti nyingi za zamani zina mbao ndani ya faiba, na maji yakipenya mbao huoza kwa siri huku nje rangi ingali inameremeta. Gongeni kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kwa sauti kali, na palipooza hutoa mlio mzito wa kufa. Tembeeni juu ya jukwaa lote kwa visigino, mkisikiliza mahali panapolegea. Fungueni skrubu ya chini ya kasha la gia mtoe oili kidogo; ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kisha iteremsheni ziwani kabla ya kulipa. Boti haijaribiwi uani kwa mwenyewe. Tena msisahau karatasi: hapa Texas boti ina hati yake na injini ya nje ina hati yake, na namba zilizoandikwa humo sharti zifanane na zilizopigwa kwenye vyombo.

Tazameni pia kibao cha uwezo karibu na usukani. Kimeandikwa idadi ya watu, uzito wote unaoruhusiwa kwa ratili, na ukubwa wa mwisho wa injini. Sisi ni jamaa ya watu wengi, na tumezoea kusema kwamba penye nia pana nafasi. Kwenye boti hakuna methali hiyo. Kibao kikisema watu 4, wa tano atangoja ufukweni na wala asinune.

Sasa nakifikia kisa changu. Ilikuwa asubuhi ya majira ya kuchipua, nami nilikuwa na mtoto wa ndugu yangu, umri wake miaka 7. Safari iliyotangulia nilikuwa nimechomoa nguruzi, ili maji yaliyosalia ndani yatoke, kama inavyostahili. Nikaitia katika mfuko wa koti, na koti nikaliacha nyumbani. Asubuhi hiyo niliteremsha boti kwa haraka, kwa kuwa nyuma yangu palikuwa na watu wakingoja zamu. Tukaenda hadi kwenye hori moja, nikazima injini, tukaanza kutupa mishipi. Maji yalikuwa yakiingia chini ya jukwaa nisiyaone. Pampu ya ngama, ambayo ilipasa kuyatoa, ilikuwa imekufa, nami sikuwa nimeijaribu kwa miezi. Nilipotaka kuondoka, tezi ilikuwa nzito, na wimbi dogo la boti iliyopita mbali likamwagika ndani. Betri zikalowa na injini ikakataa. Na jaketi la kujiokolea la mtoto yule lilikuwa wapi? Alikuwa amelikalia, kwa sababu mimi nilimwambia kwamba kiti kigumu.

Mvuvi mmoja nisiyemjua alituona akaja. Tuliziba tundu kwa kipande cha kitambaa, akatuvuta hadi ukingoni. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Ami, kwani boti ina tundu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimfikiria babu yangu, fundi wa majahazi wa Matondoni, ambaye hakuruhusu chombo kishuke majini kabla hajaigusa nguruzi kwa mkono wake mwenyewe. Hata chombo kikiwa cha mtu mwingine, hata akiwa amekwisha kuambiwa kwamba imo, alipiga magoti akaigusa. Mimi, mjukuu wake, nilikuwa na chombo chenye kipima kina cha umeme, na nguruzi iko mfukoni mwa koti nyumbani.

Tangu siku hiyo, ufunguo wa injini na nguruzi hukaa kwenye pete moja. Siwezi kuwasha injini bila ya kuishika nguruzi. Na jaketi la mtoto huvaliwa juu ya nchi kavu, kabla mguu haujagusa boti. Sheria ya Texas humlazimu kila mtoto aliye chini ya miaka 13 kulivaa katika boti ndogo inapokuwa safarini. Sheria ya jamaa yetu naomba iwe kwa watu wote, hata sisi wenye mvi.

Liko na jambo la kamba ya kuzimia injini. Visiki vya maziwa haya vingi havionekani. Injini ikigonga kisiki kwa kasi, boti hugeuka ghafla na kumtupa nahodha majini, kisha huzunguka na kumrudia na rafadha yake. Kamba iliyofungwa mwilini huizima injini mara mtu anapotupwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2021 sheria ya shirikisho imewalazimu manahodha wa boti zilizo chini ya futi 26 kuitumia wanapokwenda kwa kasi, ikiwa boti imefungwa kifaa hicho. Na kijana yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Septemba 1993 au baadaye hana ruhusa ya kuendesha peke yake boti ya zaidi ya nguvu za farasi 15 hapa Texas mpaka amesoma na kupata cheti. Hilo lamhusu karibu kila kijana aliyetia sahihi ombi hili.

Kuhusu utunzaji, wazee wetu walikipandisha chombo ufukweni, wakakipiga kalafati, wakakipaka chokaa na shahamu chini na sifa juu. Hawakungoja kivuje. Sisi nasi tuwe na zamu zetu. Kila safari ikiisha, maji yote yatolewe na kila jani liondolewe kwenye boti na trela kabla ya kuingia barabarani. Hilo ni agizo la sheria tena: kome wa pundamilia walionekana katika Ziwa Texoma mwaka 2009, na liko gugu la salvinia linaloelea na kufunika hori zima, navyo husafiri kwa boti za watu wasiojali. Betri zitiwe umeme usiku ule ule. Magurudumu ya trela yaguswe kwa kiganja baada ya mwendo: likiwa moja limepata moto kuliko mengine, beringi zake zaomba grisi. Gurudumu lenye moto likitumbukizwa katika maji ya baridi hunyonya maji ndani, na mwisho wake ni kuvunjika barabarani.

Kila mwaka oili ya gia ibadilishwe kabla ya baridi. Februari 2021, Texas ilipoganda, mmoja wetu alipasukiwa na kasha la gia kwa sababu ya maji kidogo yaliyokuwa ndani yake. Petroli isiachwe miezi tangini bila dawa ya kuihifadhi, na mpira wa pampu inayopoza injini ubadilishwe kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata ukionekana mzima.

Mwenyekiti, natoa pendekezo. Boti inunuliwe, nayo iwe ya alumini. Lakini wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mali ya watu wote huwa haina wa kuiosha. Kwa hiyo achaguliwe mtunzaji mmoja kwa kila mwaka, kijana na wala si mzee, apewe daftari ambamo ataandika kila safari, kila oili na kila kasoro. Neno lake likiwa "leo boti haishuki", lisipingwe na mtu, hata mimi. Na siku atakapokabidhi kazi kwa mwenzake, amkabidhi mbele yetu sote pete yenye ufunguo na nguruzi.

Yule mtoto aliyeniuliza swali sasa ni mtu mzima, naye ameketi katika ukumbi huu. Jibu lake nimechelewa kulitoa. Ndiyo, mwanangu, kila boti ina tundu, nalo limewekwa kwa makusudi, ili maji yapate kutoka. Aliyekosa siku ile alikuwa mimi. Naomba mtunzaji wa kwanza awe wewe.