Mwaka wa Msingi si Aibu kwa Mhandisi



Mto Themi hushuka kutoka Mlima Meru, hupita katika jiji la Arusha na kuungana na Kikuletwa. Maji hayo huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, penye mitambo ya umeme ya megawati 8 iliyojengwa mwaka 1968. Kisha huteremka na Mto Pangani hadi Hale, penye mitambo ya megawati 21 tangu mwaka 1964. Yafaa ikumbukwe kwamba nguvu hiyo yote huanzia kwenye chemchemi. Elimu ya uhandisi wa umeme nayo ina chemchemi yake.

Lipo kosa linalorudiwa majumbani na hata maofisini. Kijana anayetakiwa kusoma mwaka wa msingi kabla ya uhandisi huhesabiwa kuwa ameshindwa. Wenzake humcheka, na mzazi hulalamika kwamba fedha zinapotea. Hakuna anayeuliza kama shule aliyotoka ilikuwa na maabara.

Hebu itazamwe hesabu moja. Jiko la wati 2,300 katika umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 10. Mkondo ukizidi mara mbili katika waya ule ule, joto huzidi mara nne. Fundi asiyelijua jambo hilo atalifungia jiko waya mwembamba wa taa, na nyumba itaungua watoto wakiwa usingizini. Hesabu hiyo ni ya msingi, wala si ya chuo kikuu. Lakini asiyeielewa hatazielewa transfoma, mota wala elektroniki, hata akikariri vitabu vyote.

Arusha ina ushahidi wake. Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa hapo mwaka 1978, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kilijulikana kwa kutoa mafundi sanifu. Siku hizi hutoa shahada pia. Katika mfumo wa sasa wa elimu ya ufundi, mwanafunzi wa kidato cha nne huanzia ngazi ya 4, hupata stashahada katika ngazi ya 6, na shahada katika ngazi ya 8. Ngazi ya chini haikuwekwa iwe adhabu. Imewekwa ili ikanyagwe na mtu apande.

Hata hivyo, hapana budi mwaka wa msingi uwe msingi kweli. Wanafunzi wakinakilishwa maandishi tu, bila kushika mita wala kusahihishwa hesabu zao, watakuwa wamecheleweshwa bure, na lawama haitakuwa yao.

Basi mwalimu asimfiche mwanafunzi udhaifu wake katika hisabati, wala asimkatie tamaa. Afisa anayetoa ushauri wa masomo amweleze mzazi ukweli: mwaka mmoja wa kujenga msingi ni nafuu kuliko miaka minne ya kubahatisha. Taifa linalosambaza umeme vijijini linahitaji wahandisi wanaojua wanachokifanya.