Mita Moja, Milango Sita



Nyumba yenye akili hutangazwa kwa taa zinazojiwasha na mapazia yanayojifungua. Mbagala na Tegeta, Dar es Salaam, zina mtambo unaojiendesha wa zamani zaidi, uliozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeutangaza: mita ya LUKU.

Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo iliingia nchini miaka ya 1990 na kumpunguzia kazi msoma mita. Mteja analipa kwa simu, anapata tokeni ya tarakimu 20, anaibonyeza. Mita inaihakiki na kuongeza uniti. Zikiisha inakata yenyewe, hata kama pasi ndiyo kwanza imeshika moto.

Ndani ya kila tokeni mna hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, yaani dakika 16,777,216, na ukomo wake ulikuwa Novemba 24, 2024, kwa mita za aina hiyo duniani kote. Ndiyo maana wateja wa shirika la umeme, TANESCO, walitumiwa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu umeme wenyewe. Aliyerukia la tatu kwa haraka zake, mita ilimkatalia.

Hilo lilikuwa tatizo la hesabu, na likatatuliwa kwa hesabu. Gumu zaidi lipo Tandika, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja.

Mfumo unadhani mita ni kaya. Wapangaji wanachangishana: mwenye friji anadai halili umeme, mwenye balbu na redio anataka atoe nusu, na anayefanya kazi za usiku anauliza analipia nini. Bei ya nafuu, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni ya mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Familia sita kwenye mita moja zinavuka kiwango hicho mapema, na masikini sita wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja.

Kisha ikaja kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Anayekatwa ni aliyenunua umeme, naye ndiye abishe hodi kwa mwenye nyumba kudai chake. Wangapi wana ubavu huo?

Mafundi wa mtaani wameshaanza kufunga mita ndogo kila chumba, lakini hazizungumzi na mfumo wa malipo. Vijana wa Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, wana kazi hapa: watengeneze mita moja yenye akaunti sita, kila mpangaji anunue zake na zikiisha akatiwe yeye peke yake. Na kodi ya jengo isomeke kwenye simu ya mwenye jengo.