Hata Asiye na Kazi Analipa

Kuna wenye husema, "Mimi sina kazi, ushuru haunihusu." Weka mafuta kwa nduthi uone. Tangu Julai 2024 unakatwa shilingi 25 kila lita, pesa ya barabara. Ilikuwa 18.

Mei mwaka huo Rais alienda Marekani na ndege ya kukodi. Alisema haikufika milioni 10. Risiti hatujaonyeshwa. Julai 5, vijana wakiwa washazikwa, ndio akafuta bajeti ya ofisi ya mke wake. Kumbe ilikuwa inafutika!

Katiba, kifungu cha 35, inakuruhusu kuitisha habari serikalini. Ijumaa baada ya swala tunaandikia kaunti barua: barabara zetu zilitengewa ngapi, na nani alilipwa? Beba kitambulisho.