Tume Iliyowahoji Polisi: Victoria, 1881



Nilipopewa nafasi hii ndugu mmoja alinipigia simu. Akaniuliza, huko nyumbani mambo yanaungua, wewe unakwenda kutuhadithia majambazi wa Kizungu waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita? Nikamwambia majambazi nitawapitia tu. Ninalolitaka ni polisi, na tume. Sheria za tume za uchunguzi tulizonazo Kenya, Uganda na Tanzania tulizirithi kutoka kwa dola ile ile ya Kiingereza iliyotawala hapa Australia. Basi tutazame chombo hicho kilifanya nini pale Mzungu alipokaa kumhoji Mzungu mwenzake.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Kaskazini-mashariki ya koloni la Victoria waliishi wakulima wadogo, wengi wao maskini wenye asili ya Ireland, wakigombana na wenye mashamba makubwa juu ya ardhi na mifugo. Mwezi wa Aprili 1878 konstebo mmoja, Fitzpatrick, alikwenda peke yake nyumbani kwa Ellen Kelly kumkamata mwanawe Dan kwa wizi wa farasi. Akarudi na jeraha mkononi, akasema amepigwa risasi na Ned, kaka yake Dan. Mama yule akafungwa miaka mitatu, na kitoto chake kichanga kikaingia naye gerezani. Konstebo huyo baadaye, mwaka 1880, alifukuzwa kazi.

Oktoba 26, 1878, pale Stringybark Creek, Ned Kelly na wenzake watatu waliwaua askari watatu: Sajini Kennedy na makonstebo Lonigan na Scanlan. Nisieleweke vibaya. Wale nao walikuwa watu, Kennedy na Lonigan waliacha wajane na mayatima, na mimi si katika wale wanaovaa fulana zenye picha ya Ned. Serikali ikapitisha sheria ya kuwaharamisha, mtu yeyote aweze kuwapiga risasi bila hata kuwaambia "simama". Zawadi ikapanda hadi pauni 8,000. Hata hivyo miezi ishirini ilipita, benki mbili zikaibiwa, na hakuna raia aliyewatoa. Kwa nini?

Ndilo swali lililoikuta Tume ya Kifalme iliyoundwa Machi 1881, miezi michache baada ya Ned kunyongwa mjini Melbourne Novemba 11, 1880. Mwenyekiti wake alikuwa mwanasiasa mzaliwa wa Ireland, Francis Longmore, aliyewahi kuwa waziri wa ardhi na ambaye hakuwa rafiki wa matajiri. Walikaa Melbourne, wakaenda na mikoani. Waliita maofisa, makonstebo, wapelelezi, na hata raia wa kawaida. Kila swali na kila jibu likaandikwa, likapigwa chapa, likawekwa hadharani kwa yeyote mwenye kujua kusoma. Hapo naomba tusimame kidogo, maana sisi tunazijua ripoti za kufungiwa kabatini.

Nimeyasoma mahojiano yale jioni nyingi. Yaliyonishika ni mambo ya Januari 1879. Polisi waliposhindwa kuwapata wanne wale, waliwakamata watu zaidi ya ishirini waliodhaniwa kuwaunga mkono. Mrakibu Francis Hare aliieleza Tume jinsi majina yale yalivyopatikana: maofisa waliitwa wakaulizwa, katika wilaya yako nani unadhani ni mtu wao? Basi. Baada ya hapo kila wiki watu wale walipelekwa mbele ya hakimu kule Beechworth, na kila wiki polisi waliomba muda zaidi bila kuleta ushahidi. Wengine walikaa rumande karibu miezi mitatu, na ilikuwa majira ya mavuno, ngano ikiwangoja shambani. Walipotoka, nani kati yao angempelekea askari habari? Na ndugu zao je?

Lipo na jambo la nyuma zaidi. Mwaka 1877 ofisa mwandamizi, Nicolson, alipita maeneo yale akaandika kwamba akina Kelly na wenzao wapelekwe gereza la Pentridge hata kwa kosa dogo, ili heshima waliyokuwa nayo kwa majirani ivunjike. Ukiandika hivyo, konstebo wa chini anaelewa namna gani? Anaelewa kwamba ameruhusiwa.

Yapo pia ya kuchekesha, kama moyo wako ni mgumu. Juni 26, 1880, Aaron Sherritt, aliyekuwa akiwapa polisi habari, aliuawa mlangoni pake. Ndani ya nyumba walikuwamo makonstebo wanne waliowekwa kumlinda. Walijificha chumbani usiku kucha. Kelly alikuwa amepanga habari ile ilete treni ya polisi upesi, naye amekwisha ng'oa reli pale Glenrowan. Kwa woga wa wanne wale habari ilichelewa, treni ikachelewa, na mwalimu wa shule, Thomas Curnow, akapata nafasi ya kuisimamisha. Halafu polisi wakaifyatulia risasi hoteli iliyojaa mateka, wakaua raia, mmoja wao mtoto wa mwenye hoteli. Wakaagiza mzinga kutoka Melbourne. Hatimaye wakaichoma moto.

Tume ilikuwa kali. Mkuu wa polisi, Standish, aliyekwisha kustaafu, alilaumiwa kwa kukosa busara na bidii. Nicolson na Hare ikapendekezwa wastaafishwe, Mrakibu Sadleir ashushwe, makonstebo waliojificha wafukuzwe. Lakini angalieni vizuri hesabu hiyo. Mizani iliyotumika ilikuwa uzembe, woga na ugomvi wa maofisa wao kwa wao. Walipimwa kwa kushindwa kukamata. Wale wa rumande ya Beechworth hawakupata ofisa hata mmoja aliyeadhibiwa kwa ajili yao. Nao Nicolson na Hare? Mwaka 1882 waliteuliwa kuwa mahakimu.

Na kuna watu ambao Tume haikuwaona kabisa. Machi 1879 waliletwa kutoka Queensland wafuata nyayo Waaborijini, chini ya ofisa O'Connor, na inajulikana kwamba Ned aliwaogopa wao kuliko askari wote. Walitoka katika kikosi cha Polisi Wenyeji, kikosi kilichotumiwa na serikali ya Queensland kuwaua Waaborijini wenzao. Juu ya damu ile haikukaa tume wakati ule. Zawadi ilipogawanywa na bodi nyingine mwaka 1881, Hare, aliyejeruhiwa kifundo cha mkono mwanzoni kabisa mwa mapambano akaondoka, alipewa pauni 800. Wafuata nyayo waliandikiwa 50 kila mmoja, kisha fedha zao zikawekwa mikononi mwa serikali, kwa hoja kwamba watu kama wao hawafai kukabidhiwa kiasi kikubwa hivyo.

Glenrowan ni kilomita 230 hivi kutoka hapa Melbourne, kwa barabara ya Hume. Mwenye gari na nafasi tuonane baada ya kikao.