NAULI YA MAMA MWENYE TENGA
(Risala ya wanachama, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Mbagala)



Tumeombwa tuseme juu ya akiba. Tutasema juu ya basi, maana akiba ya wengi wetu huanza kupungua kituoni.

Wakubwa wetu humu wanakumbuka. UDA iliundwa mwaka 1974, na yale Ikarus marefu yenye mpira katikati, Kumbakumba, yalimeza watu kweli kweli. Lakini mji ukakua kuliko mabasi. Watu wakapanda chai maharage, mnakaa mmetazamana kama mko mgahawani. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli shilingi tano, yaani dala. Jina likaganda: daladala.

Daladala tunaisema sana, ila tuipe haki yake. Ndiyo iliyotufikisha Kariakoo na Feri miaka yote. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na konda anakula kinachobaki. Kwa hiyo kiti ni pesa, tenga ni hasara. Ugomvi wetu unaanzia hapo. Mama anarudi na nyanya alfajiri, anaambiwa, "Mama, mzigo huo nauli mbili," au gari linaondoka anabaki anatazama moshi. Akichelewa kufika gengeni, wateja wa asubuhi wameshapita, nyanya anaishia kuzimwaga bei ya jioni. Siku ya kikao anakuja na hisa moja badala ya tatu. Mweka Hazina anaandika moja. Hizo mbili zimebaki kituoni, na hakuna daftari linalozionyesha.

Tarehe 10 Mei 2016 mwendokasi ulianza, Kimara hadi Kivukoni. Sisi wa Barabara ya Kilwa tulisubiri. Tukala vumbi la ujenzi, na vituo vikihamishwa kila mara hata wenyeji tukawa tunauliza njia. Mwaka 2025 mabasi yakaanza kufika Mbagala. Tulifurahi, hatufichi, anayekwenda ofisini au kliniki na mtoto mgongoni ameona nafuu. Lakini mwenye tenga la samaki linalochuruzika maji haendi kubanana mle, na wenzake wa mbele wamevaa suti! Yeye bado ni mtu wa daladala.

Ndiyo sababu, Mgeni Rasmi, wanachama tumekubaliana jambo moja. Wale tunaonunua soko moja siku moja tukodi kirikuu kwa pamoja, mizigo yote ipande humo na mama mmoja wa zamu aisindikize, wengine tupande basi mikono mitupu. Kila mmoja alipe kwa ukubwa wa mzigo wake, siyo kwa sauti ya konda. Ada ya kukodi mwezi wa kwanza itoke mfuko wa jamii, na irudishwe kama mkopo mwingine wowote.

Kinachotukwama ni dereva mwaminifu wa saa kumi alfajiri. Anayemfahamu amwone Katibu leo kabla hatujagawa pilau. Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni, na nafasi za Jumanne bado ziko wazi.