Mshauri wa Waliohukumiwa



Tunapotaja haki, fikra zetu huenda haraka kwa yule anayeonewa. Leo tumtazame yule aliyetenda kosa kweli, akahukumiwa, na sasa anatumikia kifungo. Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, alijihesabu miongoni mwa wafungwa, wala hakuwabagua waliofungwa kwa makosa yao wenyewe.

Mshauri anayemwendea mfungwa si hakimu wa pili, kwani hukumu imekwisha kutolewa. Si wakili wala si mpelelezi. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza. Ya pili ni ngumu zaidi: kumsaidia mfungwa aseme ukweli. Wengi huanza kwa kulaumu pombe, marafiki au mashahidi. Mshauri hamkatizi, lakini wakati ufikapo humwuliza kwa upole, "Na yule uliyemwumiza, yu hali gani leo?" Swali hilo ni mlango wa toba. Mshauri akilikwepa kwa huruma isiyo na kweli, humnyima mfungwa nafasi ya kugeuka, na humsahau aliyedhulumiwa.

Mshauri hutunza siri. Hata hivyo, tangu siku ya kwanza hueleza mpaka wake: mfungwa akitaja nia ya kumdhuru mtu au kujidhuru, mshauri hatanyamaza. Tena asiahidi msamaha wa serikali, wala asipitishe barua au fedha kwa kificho. Uaminifu ukivunjika, mlango hufungwa hata kwa wengine.

Nchini Tanzania, Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 iliweka njia ya mfungwa kumalizia sehemu ya kifungo chake nje, chini ya uangalizi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 nayo iliruhusu mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 afanye kazi za manufaa kwa umma bila malipo, akiishi kwake. Sheria hizi zinamrudisha mkosaji kwetu. Je, tuko tayari?

Tukiri udhaifu wetu. Tumewapelekea wafungwa sabuni wakati wa Noeli. Lakini kijana wetu mmoja aliporudi, jumuiya ndogo ndogo iliacha kusali nyumbani kwa mama yake. Tulimsamehe akiwa mbali, tukamhukumu upya alipofika karibu. Wahenga walisema: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi tujiulize ni nani humsukuma arudie, akikosa kazi, salamu na mahali pa kuketi kanisani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya: kabla mfungwa hajatoka, mzungumzeni na mshauri wake, itembeleeni familia yake, na msikilizeni pia aliyeumizwa, asije akalazimishwa kusamehe. Mshauri humsindikiza mfungwa hadi langoni. Kutoka hapo, ni zamu yetu.

Amani ya Kristo iwe nanyi.