Daftari la Kiwanda na Daftari la Mkulima

(Hotuba iliyosomwa Ipagala, Dodoma, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



 Wenzangu walionitangulia wamesifu maghala, mizani na malori, nao wamesema kweli. Mimi naomba kusema juu ya kitu ambacho hapana aliyekuja kukitazama leo, nacho ni kabati la vitabu vya hesabu.

Niruhusuni nianze mbali kidogo. Plau na mashine ya kukamulia alizeti hutengenezwa kwa mashine nyingine: kerezo lizungushalo chuma hata kikawa mviringo, keekee itoboayo, na mashine zichongazo meno ya magurudumu. Hizo ndizo mama wa mashine zote. Katika nchi yetu kiwanda cha kazi hiyo, Kilimanjaro Machine Tools, kilijengwa Moshi katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Bulgaria, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa.

Huko Uingereza kazi hiyo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1856 mabwana wawili, Thomas Greenwood na John Batley, walianzisha kiwanda katika mji wa Leeds. Walitengeneza mashine za kuchongea chuma, na hasa zile za kuundia silaha, wakaziuza kwa serikali nyingi. Leo kiwanda hicho hakipo tena, lakini vitabu vyake vya biashara vimehifadhiwa huko huko Leeds. Mtu avifunguapo huona mashine gani iliagizwa, nani aliiagiza, na kwa bei gani.

Palikuwa na ubishi mrefu, kama wenye viwanda wa Uingereza walizembea wakapitwa na Wamarekani. Mwanahistoria Roderick Floud hakuridhika na maneno ya watu. Alivisoma vitabu vya kiwanda hicho, na mwaka 1976 akatoa kitabu juu ya biashara hiyo yote. Yule karani wa Leeds aliyechovya kalamu katika wino hakuwa akimwandikia mwanahistoria. Aliandika ili mnunuzi alipe kilicho haki, fundi apate ujira wake, na mashine ikirudi imevunjika ijulikane ilitengenezwaje.

Mtauliza: hayo yatuhusu nini sisi wakulima wa zabibu, alizeti na mtama? Yatuhusu sana.

Wazee waliopo hapa wakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na kazi zao kupewa mamlaka za mazao na mashirika ya Serikali. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Fikirini hali ya chama kilichofungwa kisha kikafunguliwa. Ghala hili ni la nani? Deni hili lililipwa au halikulipwa? Nani alikuwa mwanachama, na hisa zake ngapi? Maswali hayo hayajibiwi kwa sauti kubwa mkutanoni. Hujibiwa kwa karatasi yenye tarehe na sahihi.

Na sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Zamani nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Alikuja mama mmoja, mjane, akidai malipo ya pili ya karanga za marehemu mumewe. Stakabadhi yake ilikuwa imelowa mvua, tarakimu hazisomeki. Nikamwambia, "Usihofu, mama, daftari la mizani lipo." Nikaenda stoo. Daftari nililiweka mimi chini sakafuni, juu ya magunia matupu. Nilipolinyanyua, jalada lilikuja mkononi, na ndani mlikuwa udongo wa mchwa. Kamati ilikaa mara tatu, nayo haikuweza kumlipa kwa kukisia. Aliondoka bila neno. Laiti angalinitukana, ningaliona nafuu. Jasho la mwaka mzima la mtu lilipotea kwa sababu sikutafuta rafu.

Serikali yetu ilitunga sheria ya nyaraka za Taifa mwaka 1965, na nyingine mwaka 2002. Lakini sheria hizo ni za nyaraka za umma. Daftari la chama ni mali ya wanachama, na wa kulilinda ni sisi. Najua ya kwamba siku hizi hesabu za vyama huingizwa katika kompyuta, nami nafurahi. Hata hivyo kompyuta haijui lile ambalo halikuandikwa kwanza kwa mkono penye mizani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta maombi matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kipate kabati la chuma lenye miguu, mbali na sakafu na ukuta, na funguo zake ziandikwe ziko kwa nani. Pili, iwepo orodha ya vitabu vyote tangu mwaka wetu wa kwanza, isomwe katika kila Mkutano Mkuu kama isomwavyo orodha ya mali nyingine. Tatu, asiwepo katibu wa kuchoma au kutupa daftari kwa kuwa ni la zamani, mpaka mkaguzi na Bodi wakubali kwa maandishi.

Nanyi wakulima, msione haya kuomba kuonyeshwa jina lenu daftarini baada ya kupima. Si dharau kwa karani, ni haki yenu.

Ghala likianguka twaweza kulijenga upya kwa matofali mengine. Kilo za mwanachama zisizoandikwa hatuwezi kuzipima mara ya pili.